Wanawake Wakuu wa Nchi na Askari Aliye Mlangoni

Zamani mwanamke alipotajwa katika habari za utawala, alitajwa kuwa malkia aliyerithi kiti cha baba yake, au kuwa mke wa mkubwa fulani. Kwamba mwanamke asiye wa ukoo wa kifalme, aliyelea watoto na kuangalia nyumba yake, angeweza kukiongoza chama katika uchaguzi, akashinda, kisha akakabidhiwa serikali nzima pamoja na jeshi na polisi wake, ni jambo ambalo ulimwengu haukulishuhudia mpaka mwaka wa 1960. Tangu wakati huo wametokea wengi, na magazeti yameandika sana juu ya hotuba zao, safari zao na hata mavazi yao. Habari iliyoandikwa kwa uchache ni ile ya askari aliyesimama mlangoni pao. Lakini katika maisha ya wengi wa viongozi hao, huyo ndiye aliyeamua kama wataishi, na kama watatawala.

Mjane wa Colombo

Asubuhi ya tarehe 25 Septemba, 1959, Waziri Mkuu wa Ceylon, Bwana S. W. R. D. Bandaranaike, alikuwa barazani kwa nyumba yake mjini Colombo akipokea watu waliokuja na shida zao, kama ilivyokuwa desturi yake. Miongoni mwao alikuwamo mtawa wa dini ya Buddha. Waziri Mkuu alipoinama kumwamkia kwa heshima, mtawa yule alitoa bastola akampiga risasi. Mlinzi wa zamu alimjeruhi muuaji naye akakamatwa, lakini madhara yalikwisha tendeka. Kutoka hospitalini Waziri Mkuu aliwaomba wananchi wasilipize kisasi, na kesho yake akafariki dunia.

Mkewe, Bibi Sirimavo Bandaranaike, alikuwa na umri wa miaka 43 na watoto watatu. Alizaliwa mwaka 1916 katika ukoo wa watu wenye mashamba makubwa, na tangu alipoolewa mwaka 1940 alishughulika na nyumba yake na vyama vya akina mama vijijini. Chama cha marehemu kilipotawanyika kwa ugomvi wa wakubwa, wazee wake walimjia mjane na kumwomba akiongoze. Akasitasita kwanza, kisha akakubali. Alizunguka nchi nzima akiwahutubia watu, na katika mikutano yake zilipigwa kanda zenye sauti ya mumewe. Wapinzani walimcheka, wakamwita mjane anayelia. Julai 1960 chama chake kikashinda, na tarehe 21 ya mwezi huo akaapishwa, akawa Waziri Mkuu wa kwanza mwanamke ulimwenguni.

Waliomcheka walidhani kwamba atakaa kitini kama picha ukutani huku wanaume wakiendesha nchi. Walikosea. Alitaifisha shule nyingi za misheni, akaingilia biashara ya mafuta ya makampuni ya kigeni, na akasisitiza lugha ya Kisinhala itumike katika shughuli zote za serikali. Jambo hili la mwisho lilikuwa kosa kubwa. Watamil wa kaskazini na mashariki waliona kwamba wamefungiwa mlango katika nchi yao wenyewe, na mwaka 1961 serikali ikatangaza hali ya hatari na kupeleka askari sehemu zao. Uchungu uliopandwa miaka ile ulikuja kuvunwa baadaye katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu tangu 1983 hadi 2009. Mama kushika usukani si dhamana kwamba gari halitaingia shimoni.

Januari 1962 ndipo alipojaribiwa na watu wenye bunduki. Kundi la maafisa wakuu wa polisi, wa jeshi la nchi kavu na wa jeshi la majini, wengi wao Wakristo waliosoma Kiingereza na kuona kwamba siku zao zinapita, walipanga kupindua serikali. Walikusudia kuwakamata mawaziri usiku wa tarehe 27 na kushika mji wa Colombo. Mpango ulikuwa tayari, na wenyewe walikuwa watu wa vyeo, si wahuni.

Ulivunjwa na afisa mmoja tu. Mkuu mmoja wa polisi mjini Colombo, aliyekuwa ametakiwa kushiriki, alirudi nyumbani akiwa na siri hiyo rohoni, akamweleza mkewe. Mke hakunyamaza. Habari ilifika kwa baba yake, aliyekuwa mbunge, na kutoka kwake ikawafikia wakuu wa serikali siku ile ile. Kabla ya usiku wa manane waliokusudia kukamata wakawa wao ndio waliokamatwa. Wake za askari wa nchi yoyote watafahamu jinsi mazungumzo yale ya faragha yalivyokuwa mazito: mume ameshika siri ya wenzake, na mke anajua kwamba likifanyika au lisipofanyika, nyumba yao haitabaki kama ilivyokuwa jana.

Watuhumiwa 24 walishtakiwa, na 11 wakahukumiwa vifungo vya miaka kumi. Lakini serikali ilikuwa imetunga sheria mpya baada ya tendo, mahsusi kwa ajili ya kuwabana watu hao, na mwishoni mwa mwaka 1965 mahakama ya juu ya rufani huko London iliitengua hukumu na kuwaachilia wote. Wakati huo Bibi Bandaranaike naye alikwisha shindwa katika uchaguzi. Akaondoka madarakani kwa kura kama alivyoingia, na mwaka 1970 akarudi kwa kura vilevile.

Safari hii jaribio halikutoka kwa maafisa, bali kwa vijana. Aprili 1971 maelfu ya vijana wa shule na wa vijijini wasiokuwa na kazi walivishambulia vituo vya polisi kwa mabomu ya kujitengenezea na bunduki za kuwindia. Polisi wa vituo vya mbali walikaa siku kadhaa wakijitetea bila msaada. Serikali iliomba zana kutoka India, Pakistan, Uingereza na hata Urusi, mataifa ambayo ni nadra kukutana upande mmoja, na uasi ukazimwa kwa ukali. Maelfu ya vijana waliuawa. Mama yule wa watoto watatu, aliyeingia serikalini kwa machozi ya wananchi, alikuwa sasa ameagiza majeshi dhidi ya watoto wa wananchi hao hao, na baadhi ya waliompenda hawakumsamehe kamwe.

Mwisho wake ni wa ajabu. Mwaka 1980 wapinzani wake walimvua haki za uraia wa kisiasa kwa miaka saba. Mkwewe, mume wa binti yake Chandrika, aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake mwaka 1988. Hata hivyo Chandrika, naye sasa mjane mwenye watoto, alichaguliwa kuwa Rais mwaka 1994, akamteua mama yake kuwa Waziri Mkuu. Nchi ikawa na mama na binti katika vyeo viwili vya juu. Desemba 1999 Chandrika alinusurika bomu la kujitoa mhanga katika mkutano wa kampeni, akapoteza jicho moja. Bibi Sirimavo alijiuzulu mwaka 2000, na tarehe 10 Oktoba ya mwaka huo, siku ya uchaguzi, alikwenda kupiga kura. Alipokuwa njiani kurudi nyumbani moyo ulimsimama.

Walinzi wa Delhi

Ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, India ilikuwa na Bibi Indira Gandhi tangu Januari 1966. Yeye hakuingia kwa kifo cha mume. Alikuwa binti wa Jawaharlal Nehru, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, na wazee wa chama walimchagua wakidhani kwamba atawatii. Hakuwatii.

Kwa wanajeshi, habari yake yenye mafunzo zaidi ni ya mwaka 1971. Mamilioni ya wakimbizi walipomiminika kutoka Pakistan ya Mashariki, mawaziri walitaka jeshi liingie vitani mara moja. Mkuu wa jeshi, Jenerali Sam Manekshaw, alimweleza waziwazi kwamba majeshi hayako tayari, na kwamba mvua za masika zitawazamisha kwenye matope. Bibi Gandhi hakupenda jibu hilo, lakini alilikubali. Vita vilingoja mpaka Desemba, vikaisha katika muda usiozidi majuma mawili, Wapakistani zaidi ya 90,000 wakasalimu amri, na Bangladesh ikawa nchi huru. Mtawala anayeweza kumsikiliza jenerali anayesema “bado” si wa kupatikana kila siku, awe mwanamume au mwanamke.

Lakini mwaka 1984 aliagiza jeshi liingie katika hekalu tukufu la Masingasinga mjini Amritsar, ambamo wapiganaji wenye silaha walikuwa wamejichimbia. Damu nyingi ilimwagika mahali patakatifu. Washauri wa usalama waliwaondoa walinzi Masingasinga nyumbani kwake, naye akaamuru warudishwe, kwa kuwa hakutaka taifa lione kwamba kiongozi wake anawabagua askari kwa dini yao. Asubuhi ya tarehe 31 Oktoba alitembea bustanini kuelekea ofisini, na polisi wawili waliokuwa zamu kwenye kilango, mmoja wao aliyekuwa amemlinda kwa miaka, walimmiminia risasi. Siku zilizofuata Masingasinga wasio na hatia waliuawa kwa maelfu katika mji wa Delhi na kwingineko, na mara nyingi polisi walisimama wakitazama. Uamuzi wa Bibi Gandhi wa kuwarudisha walinzi wale ulikuwa wa haki, na ulimuua. Mambo hayo mawili hayapatanishwi na hoja yoyote.

Ufilipino ilipata mjane mwingine. Bibi Corazon Aquino, ambaye mumewe aliuawa alipokuwa akishuka kutoka kwenye ndege mjini Manila mwaka 1983, alipojaza fomu ya kugombea urais dhidi ya Ferdinand Marcos, katika nafasi ya kazi aliandika kwamba ni mama wa nyumbani. Februari 1986 sehemu ya jeshi iligeuka, wananchi wakajaza barabara mbele ya vifaru, watawa wa kike wakapiga magoti na rozari mikononi, na vifaru vikasimama. Kisha ikawa zamu yake kutishwa na jeshi, kwani katika miaka sita alijaribiwa kupinduliwa si chini ya mara sita. Agosti 1987 mwanawe wa pekee wa kiume alipigwa risasi karibu na Ikulu na baadhi ya walinzi waliokuwa naye wakafa pale pale. Aliyemsimamia katika misukosuko yote alikuwa Jenerali Fidel Ramos, naye ndiye aliyechaguliwa na wananchi kumrithi mwaka 1992.

Bujumbura na Kigali

Hayo yalikuwa Asia. Katika nchi za Maziwa Makuu jambo hili liligusa nyumba za jirani, tena ndani ya mwaka mmoja. Julai 1993 Burundi na Rwanda, nchi mbili ambazo wakati huo hazikujulikana kwa kuwapa wanawake vyeo, zilipata kila moja Waziri Mkuu mwanamke, kwa siku zinazopishana kidogo tu. Wanawake hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1953.

Bibi Sylvie Kinigi wa Burundi alikuwa mchumi, mtaalamu wa mambo ya fedha. Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa na wananchi, alimteua yeye, Mtutsi wa chama kingine, ili watu wasiiogope serikali mpya. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba, 1993, askari wa jeshi la taifa walizingira Ikulu. Rais alipelekwa kambini, mahali ambapo Amiri Jeshi anapaswa kuwa salama kuliko penginepo, akauawa huko. Spika wa Bunge na naibu wake, ambao kwa mujibu wa Katiba ndio wangeshika nafasi yake, waliuawa pia.

Bibi Kinigi na baadhi ya mawaziri walikimbilia Ubalozi wa Ufaransa. Kutoka humo, bila jeshi, bila Rais na bila Spika, mwanamke huyo aliendelea kuwa serikali. Waliopindua walikosa mtu wa kuwaunga mkono ndani na nje ya nchi, na baada ya siku chache mapinduzi yao yakaanguka. Nchi haikupona kwa hilo, kwani makumi ya maelfu ya watu waliuawa vilimani, Watutsi na Wahutu, na malaki wakavuka mipaka kuingia Rwanda, Tanzania na Zaire. Lakini pale ambapo mamlaka ya halali yangeweza kuzimika kama mshumaa, yalishikwa na mikono yake kwa zaidi ya miezi mitatu, mpaka Rais mwingine alipoapishwa Februari 1994. Kisha akajiuzulu. Watu wachache sana wanalikumbuka jina lake leo, na hilo ni deni.

Bibi Agathe Uwilingiyimana wa Rwanda alikuwa mwalimu wa kemia. Alipokuwa Waziri wa Elimu aliufuta utaratibu wa kugawa nafasi za shule kwa kabila, watoto wakaingia kwa alama zao. Kwa ajili hiyo wenye siasa kali walimchukia hata kabla hajawa Waziri Mkuu. Ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili, 1994, yeye ndiye aliyebaki na mamlaka ya halali, naye akataka kwenda kwenye redio asubuhi kuwatuliza wananchi. Askari kumi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walitumwa kumlinda na kumsindikiza. Askari wa kikosi cha kumlinda Rais waliizingira nyumba. Wabelgiji walinyang'anywa silaha, wakachukuliwa kambini na wote kumi wakauawa. Bibi Agathe na mumewe walikimbilia ua wa jirani, wakapatikana, wakauawa.

Watoto wao walikuwa wamefichwa karibu na pale. Waliotumwa kuua hawakuwaona. Kapteni Mbaye Diagne, mwanajeshi wa Senegali aliyekuwa mwangalizi wa Umoja wa Mataifa, mtu asiye na silaha, aliwachukua na kuwapitisha katika mji uliojaa vizuizi vya wauaji, wakaokoka. Aliendelea kuokoa watu kwa namna hiyo hiyo kwa majuma kadhaa, mpaka tarehe 31 Mei alipouawa na kipande cha kombora kwenye kizuizi. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili palikuwa na askari wa aina zote mbili mjini Kigali, wote wamevaa sare.

Makabidhiano yasiyo na risasi

Ni vyema pia kukumbuka mlango uliofunguka kwa utulivu. Rais John Magufuli wa Tanzania alipofariki dunia Machi 2021, Katiba ilisema kwamba Makamu wa Rais atashika nafasi yake, na Makamu alikuwa Bibi Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Tarehe 19 Machi aliapishwa Dar es Salaam, akakagua gwaride akiwa Amiri Jeshi Mkuu, na majenerali wakampigia saluti. Namna ya kutawala ni habari nyingine. Uchaguzi wa Oktoba 2025 uliandamana na maandamano, amri ya kutotoka nje na vifo vya raia, na kuwa mwanamke hakumpunguzii Amiri Jeshi Mkuu maswali ambayo mwanamume angeulizwa. Lakini siku ile ya Machi 2021 kiti kilipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa karatasi ya Katiba peke yake.

Aliyeuonja uchungu na utamu wa jambo hili kwa ukamilifu ni Bibi Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia. Aprili 1980 alikuwa Waziri wa Fedha, pale askari wa vyeo vya chini walipomuua Rais Tolbert na siku chache baadaye kuwapiga risasi wakubwa 13 wa serikali ufukweni. Yeye alikuwa mmoja wa wachache walioachwa. Mwaka 1985 alifungwa kwa kumpinga Samuel Doe, na baada ya jaribio la mapinduzi la Novemba mwaka huo akakamatwa tena. Mwenyewe ameeleza kwamba usiku ule, ndani ya chumba cha mahabusu kambini, askari walitaka kumtendea uovu, na aliyewazuia alikuwa askari mwenzao.

Miaka ishirini baadaye, Januari 2006, mwanamke huyo huyo aliapishwa kuwa Rais, wa kwanza mwanamke kuchaguliwa na wananchi katika Afrika. Alikuta jeshi limevunjwa baada ya vita, na likaundwa upya toka mwanzo. Mlinzi wa mlangoni kwake naye alibadilika. Mapema mwaka 2007 iliwasili Monrovia kampuni ya polisi wanawake watupu kutoka India, zaidi ya mia moja, ya kwanza ya namna hiyo katika kazi za amani za Umoja wa Mataifa. Miongoni mwa kazi zao ilikuwa kulinda zamu katika ofisi ya Rais, mchana na usiku, na bunduki mabegani. Baadhi ya waliobadilishana zamu hizo walikuwa mama wa watoto, walioacha familia zao India kwa mwaka mzima. Wasichana wa Monrovia walikuwa wakisimama kuwatazama wakipita, na wengine wakaenda kujiandikisha katika polisi ya nchi yao.

Kikosi cha mwisho cha Wahindi hao kiliondoka Februari 2016. Januari 2018 Bibi Sirleaf alimkabidhi nchi George Weah, aliyekuwa mchezaji wa mpira. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1944 kwa Rais wa Liberia aliyechaguliwa kumkabidhi madaraka mwenzake aliyechaguliwa, na askari waliokuwapo siku hiyo walikuwa kwenye gwaride.